Barabara Isiyo na Motokari

Mwezi uliopita Nyota alipita Nairobi akiwa njiani kutoka Johannesburg kwenda Lubumbashi. Ndege yake ya pili ilikuwa ya jioni, kwa hiyo nilimfuata uwanjani asubuhi nikamleta nyumbani kwangu Syokimau. Alikuwa amenenepa kidogo. Nywele zake, ambazo zamani zilikuwa tangazo la saluni yake, sasa amezikata fupi na mvi ameziacha zionekane. Aliingia jikoni moja kwa moja kana kwamba alitoka humo jana, akafunua sufuria, akaniambia ugali wangu bado ni laini mno. Tulikula. Alinipa habari za Grace, bintiye, ambaye sasa yuko chuo kikuu, na habari za magoti yake, na za mchungaji mpya ambaye mahubiri yake hayana mwisho. Kisha akalala kwenye kochi televisheni ikiendelea kuongea peke yake, nami nikakaa kumtazama. Hakuna hata mmoja wetu aliyetaja Ufaransa. Lakini nilipotoka kumsindikiza na kurudi kwenye vyombo vichafu, mwaka ule wa elfu mbili na kumi na saba ulinirudia wote, nikasimama na sifongo mkononi maji yakimwagika bure.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi Sandton, katika ofisi moja ya fedha, ghorofa ya juu yenye madirisha yasiyofunguka. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na miwili, na kitu pekee nilichokipenda bila sababu kilikuwa baiskeli. Hicho ndicho kilichonikutanisha na Kalenga, mume wa Nyota. Alikuwa fundi cherehani mwenye chumba chake Hillbrow, na Mkenya mwenzangu wa kanisani alinielekeza kwake nipunguziwe suti. Nilipoingia sikuiona mashine wala vitambaa. Niliona baiskeli ya mashindano, nyembamba, ya bluu, imetundikwa ukutani juu ya kichwa chake kama picha ya mtakatifu. Nilimuuliza kama ni ya maonyesho tu. Alitoa sindano mdomoni akanijibu kwamba kila Jumamosi hutoka nayo kabla jiji halijaamka, na kwamba kama nina miguu kweli basi nije nimwonyeshe. Nilikwenda. Tuliendesha pamoja Jumamosi kwa Jumamosi kwa karibu miaka miwili, tukitoka mjini kuelekea kaskazini-magharibi, kule ambako nyumba zinapungua na vilima vinaanza, na tukirudi kabla malori hayajajaa.

Tukirudi, nilikula kwao. Waliishi ghorofa ya saba, chumba kimoja cha kulala na sebule iliyogawanywa kwa pazia, na lifti ambayo ikifanya kazi watu walipongezana. Nyota alikuwa akipika bukari, ugali wa kwao uliokazwa hadi kijiko kinasimama, pamoja na sombe, yaani kisamvu, na samaki wa kukaanga. Alinipakulia vizuri, kwa heshima, na karibu hakusema nami. Aliniita "Dada Mwende" kwa sauti ambayo mtu humwitia mteja. Grace, aliyekuwa na miaka tisa hivi, alikuwa akisikia Kiswahili chote kilichosemwa mezani na kujibu kwa Kiingereza, au kwa Kizulu akitaka kutukasirisha. Na Kalenga alikuwa anaongea. Dada yake mkubwa, Clarisse, alikuwa ameishi Ufaransa miaka mingi, katika kijiji cha mkoa wa Creuse, akihudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, na alimtumia picha za barabara za huko. Kalenga alizipitisha mezani simu ikiwa na alama za mafuta ya samaki. "Clarisse anasema unaweza kuendesha kinga asubuhi nzima usione motokari," alikuwa akisema. Kinga ndiyo baiskeli kwa Kiswahili cha kwao, na motokari ni gari. "Asubuhi nzima, Mwende." Nyota, mgongo wake ukiwa umetuelekea, alisema kutoka jikoni kwamba kama hakuna motokari basi hakuna watu, na kama hakuna watu Kalenga atamshonea nani suruali. Tulicheka. Lakini Kalenga alikuwa amekusudia. Tulipanga kwenda, mimi na yeye na Nyota na Grace, likizo ya mwaka uliofuata. Wao wakae kwa Clarisse, sisi tupande baiskeli.

Kalenga aligongwa na gari mwezi wa Novemba, asubuhi, tukiwa tunarudi. Mimi nilikuwa mbele, yeye nyuma. Sitaeleza zaidi ya kwamba niliisikia kabla sijageuka, na kwamba sauti ile ilikaa nami. Dereva alisimama, alilia, alisema jua lilikuwa machoni mwake, na pengine lilikuwa. Matanga yaliwekwa palepale ghorofa ya saba, watu wakipanda ngazi na sufuria vichwani, akina mama wa kanisani wakiimba hadi majirani Wazulu wakaja nao kuimba. Nyota alikaa kwenye godoro sakafuni na kuniangalia mara moja tu nilipoingia. Niliporudi kwangu niliipeleka baiskeli yangu stoo, chini ya jengo, nikaifunika kwa shuka. Mwezi ulipita, na mwingine. Niliacha gari nyumbani nikaanza kwenda kazini kwa treni, na nikisikia tairi likisaga lami ghafla nilishika ukuta.

Alikuja mwenyewe. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa pili baada ya ibada, na hakuwa amewahi kufika kwangu. Alikuwa amepanda teksi mbili, yaani matatu za huko, kutoka Hillbrow, amevaa nguo zake nyeusi za msiba, na mkoba ameukumbatia kifuani. Alikaa kwenye ukingo wa kochi. Nilimpa chai, akaiweka mezani bila kuigusa. Alitazama dirisha langu, zulia langu, picha yangu na Kalenga tukiwa na kofia za baiskeli tumesimama kando ya uzio fulani tukiwa tumelowa jasho. Niliogopa kwamba amekuja kuniuliza jambo ambalo mjane anaweza kumuuliza mwanamke aliyekuwa akipanda baiskeli na mumewe kila Jumamosi. Halikuwapo la kuficha, lakini nilijua pia kwamba neno "halikuwapo" likitoka kinywani mwa mtu kama mimi halina uzito.

"Ile safari ya Ufaransa," alisema. "Miye nitaenda."

Nilimwambia ni vizuri, Clarisse atafurahi kumpokea. Akatikisa kichwa.

"Haunisikii. Nitaenda kupanda kinga. Weye utanifundisha. Nataka nione mlichokuwa mnakitazama."

Nilimuuliza kama amewahi kupanda. Hakuwahi, kwao walikuwa wasichana sita na baiskeli moja ya baba, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, kazi yake ilikuwa kusimama kutwa akisuka nywele za watu, na magoti yalishaanza kumsumbua. Nilimweleza haya yote kwa upole, nikidhani ninamsaidia. Alisubiri nimalize, kisha akaichukua ile chai iliyopoa akainywa yote kwa mara moja, akauliza tutaanza lini.

Mtu asiyeijua Sandton hawezi kuamini jinsi inavyokuwa tupu siku za Jumapili. Magari yote yanayoifanya isipumue siku za kazi huwa yamelala majumbani, na viwanja vya kuegesha vya majengo ya ofisi vinabaki vyeupe, na mistari tu. Kimoja kilikuwa na mlinzi kutoka Bukavu, na Nyota aliongea naye kwa Kiswahili kwa dakika chache, wakaulizana vijiji na makanisa, akatufungulia lango. Huko ndiko tulikojifunzia. Nilinunua baiskeli ndogo ya mitumba, nikakishusha kiti chake hadi chini. Siku ya kwanza Nyota alikuja na sketi ndefu, ikaingia kwenye mnyororo, ikachanika. Siku ya pili alikuja na suruali ya michezo ya Kalenga, ameikunja miguuni mara mbili na kuifunga kiunoni kwa utepe wa kupimia nguo. Nilikimbia kando yake nikishika nyuma ya kiti, naye akinilaani kwa Kiluba kila nilipolegeza mkono. Alianguka kushoto, alianguka kulia, wakati mmoja alianguka akiwa amesimama kabisa, mguu mmoja juu ya pedali, kama mti uliokatwa. Alijipangusa, akatazama damu kwenye kiwiko, akasema, "Tena." Sikumbuki Jumapili hata moja ambayo mimi sikuwa wa kwanza kupendekeza twende nyumbani.

Habari zilifika kanisani kabla hajaweza hata kwenda mstari ulionyooka. Nilizisikia mwenyewe siku moja nilipokuwa nimekaa saluni kwake chini ya mashine ya kukaushia nywele, na wanawake wawili wakidhani sisikii. Mmoja alisema mjane hata mwaka hajamaliza ameshavaa suruali na kutanua miguu juu ya chuma. Mwingine alisema huzuni ina namna nyingi za kumharibu mtu akili. Nyota alikuwa nyuma ya pazia akichanganya dawa. Alitoka, akamkalisha yule wa kwanza kwenye kiti, akaanza kumsuka taratibu kama kawaida, na baada ya muda mrefu akamwambia tu kwamba Jumapili tunakuwa Sandton mchana, akitaka kuja kutazama asikose. Ilikuwa ngumu zaidi na Papa Ilunga, mzee wa ukoo wa Kalenga pale Johannesburg, aliyekuja rasmi na kaka wawili wengine, wakakaa sebuleni kando ya lile pazia. Nilikuwepo kwa kuwa nilikuwa nimemleta Grace kutoka shule. Papa Ilunga alizungumza vizuri, hakumfokea. Alisema baiskeli imeshachukua mtu mmoja katika nyumba hii, na mtoto amebaki na mzazi mmoja. Nani atamjibu Grace?

Nyota aliinama akaokota kipande cha uzi sakafuni. Nilidhani ameshindwa, na nakiri nilitaka ashindwe.

"Papa," alisema, "Kalenga alikuwa ananiambia kila siku kuna njia haina motokari. Miaka yote. Sikumwamini. Nikifa bila kuiona, nitakufa nikidhani alikuwa ananidanganya. Sitaki kumlea Grace na moyo wa namna ile."

Yule mzee alimtazama, akatazama mikono yake mwenyewe. Aliomba maji. Alipoondoka alimwambia tu avae kofia ngumu, na suala likaishia hapo, ingawa hao kaka wawili hawajaridhika hadi leo.

Mwezi wa tano, majani yakiwa yameshaanguka na baridi kavu ya Johannesburg imeanza kupasua midomo, Nyota alikuwa anazunguka uwanja wote bila msaada, anakata kona, anafunga breki, hata anatoa mkono mmoja kujikuna pua na kujisifu. Nilimwambia kwamba sasa ni wakati wa barabara. Alishuka, akaiegemeza baiskeli kwenye nguzo, akanitazama.

"Na weye?"

"Mimi nini?"

"Tangu mwezi wa pili unakimbia kwa miguu kama mbwa nyuma ya kinga. Yako iko wapi?"

Nilimwambia ina kasoro kwenye gia. Alisema hataingia barabarani mpaka mimi niwe mbele yake nimepanda. Nilimwambia siwezi kuwa mbele. Sikumweleza kwa nini, lakini alielewa mara moja, maana uso wake ulibadilika. Ndipo nilipojua kwamba kwa miezi yote ile hakuwahi kuniuliza hata mara moja ilikuwaje. Hakuniuliza hata siku hiyo. Aliingia kwenye gari langu, akafunga mkanda, akasema basi mimi nitakuwa nyuma, na yeye atakuwa mbele, mpaka nitakapozoea. Jumamosi iliyofuata alifika alfajiri, tukashuka pamoja stoo, na ni yeye aliyeivuta ile shuka. Tairi zote mbili zilikuwa zimelala. Alishika pampu na kuanza kuzijaza mwenyewe, akipumua kwa nguvu, nami nikasimama pale nikiona aibu ya kulia mbele ya mtu mwenye haki ya kulia kuliko mimi.

Tuliendesha kwa baridi ile miezi mitatu. Nyota alikuwa mwoga na hakujificha. Kila teksi iliyopiga honi ilimfanya ashuke na kusimama kwenye nyasi hadi moyo utulie, na kwenye kila roboti, kama wanavyoziita taa za barabarani huko, alishuka na kuvuka akitembea. Asubuhi moja karibu na Alexandra basi dogo lilimpita kwa karibu sana hata mkono wake wa koti ukapepea. Alikwenda kando, akakaa chini, akatapika. Nilipiga magoti karibu yake nikamwambia kwamba imetosha, ametimiza, hakuna atakayemcheka. Alinawa mdomo kwa maji ya chupa. "Eish," alisema, kwa sauti ya Grace kabisa. Halafu akainuka. Tulirudi polepole, yeye mbele, na niliutazama mgongo wake njia yote, suruali ile iliyokunjwa, na nikagundua kwamba kwa muda mrefu sijasikiliza kilicho nyuma yangu.

Viza zilitoka mwezi wa nane, baada ya mahojiano ambamo alitakiwa kueleza madhumuni ya safari yake. Aliniambia aliwajibu, "Kwenda kuona njia." Papa Ilunga alimchukua Grace akae kwao. Tuliruka hadi Paris, tukapanda treni, na Clarisse akatupokea kwenye stesheni ndogo yenye maua kwenye beseni. Alikuwa na paji la uso la Kalenga, na sauti yake hasa, hivyo Nyota alipomsikia akisema "Karibuni" aliweka mkoba chini na kumshikilia kwa muda mrefu. Clarisse hakuwa ameweza kuja kwenye mazishi.

Nyumba yake ilikuwa ya mawe, baridi ndani hata mchana, na jikoni lenye kitambaa cha meza cha plastiki chenye alizeti. Usiku wa kwanza alitupikia sombe ya kugandishwa ambayo alikuwa ameinunua mji wa mbali na kuitunza kwenye friji kwa ajili yetu, na mkate wa huko badala ya bukari, kwa sababu unga ulikuwa umemwishia. Walizungumza Kiswahili cha Lubumbashi kilichojaa Kifaransa, nami nikipata nusu. Clarisse alikuwa akieleza jinsi Kalenga alivyokuwa akimsumbua. Picha hazikumtosha. Alimwomba asimame katikati ya barabara, arekodi kwa simu, asiseme neno lolote. Alifanya hivyo mara nyingi akitoka kazini. Alidhani mdogo wake amechanganyikiwa.

Nyota aliweka uma chini. Alituambia kwamba Kalenga alikuwa akishona na simu iko sikioni, jioni, mashine ikienda polepole, na anatabasamu. Yeye akiingia anaitoa. "Nilidhani ni sauti ya mtu," alisema. Akanigeukia mimi, si kwa hasira. "Miaka miwili nilidhani ni sauti ya mtu."

Clarisse, ambaye hakuwa mjinga, aliinuka kutafuta chumvi iliyokuwa tayari mezani. Nyota alinimegea mkate, akaniwekea sombe juu yake, akanisukumia sahani. Tangu usiku huo hajaniita Dada Mwende tena. Ananiita Mwende, na akikasirika, "weye".

Asubuhi tulipewa baiskeli, ya Clarisse mwenyewe na ya mfanyakazi mwenzake, nzito zote mbili, zenye vikapu mbele. Huko watu huendesha upande wa kulia. Nyota alikuwa amekulia Lubumbashi ambako ni hivyohivyo, kwa hiyo alijikuta kama yuko kwao, na mimi niliyejiona mwalimu ndiye niliyekuwa nikielekea kushoto na kukaripiwa. Tulitoka kijijini tukipita makaburi na kisima, na barabara ikawa nyembamba, kisha ikawa nyembamba zaidi, hadi nyasi zikaota katikati yake. Kulikuwa na kuta za mawe zenye kuvu, ng'ombe wekundu waliogeuza vichwa pamoja kututazama, vichaka vya matunda meusi yaliyoiva ambayo yaliacha rangi vidoleni, na miti iliyoangusha matunda yenye miiba kama nungunungu wadogo. Na hapakuwa na gari. Gari la mwokaji mikate lilitupita mara moja, likipiga honi kuwaita wateja wake, na trekta moja ilisimama shambani. Baada ya hapo hakuna. Nilisikia mnyororo wangu. Nilisikia mnyororo wa Nyota. Nilisikia kengele ya kanisa la kijiji ambacho hatukukiona.

Kwa siku mbili Nyota aliendesha akigeuka nyuma kila baada ya muda mfupi. Ilikuwa mazoea ya mwili. Shingo ilijigeuza yenyewe. Siku ya tatu Clarisse alituelekeza ile barabara ambayo Kalenga aliipenda kuliko zote kwenye picha: inashuka hadi mto, inavuka daraja la mawe, kisha inapanda kilima kirefu na kuzunguka kurudi pale ilipoanzia. Tulifika juu ya mteremko. Nyota alisimama, akatazama bonde, ng'ombe, daraja, na lami ile ya kijivu iliyopinda na kupotea kwenye miti.

"Ni hii tu?" aliuliza.

Nilimwambia ni hii. Alitazama tena kwa muda mrefu. Nilidhani atalia, au atasali. Badala yake alikaza kamba ya kofia chini ya kidevu akaniambia nibaki hapo. Anataka kwenda peke yake. Nilianza kumpinga, kwamba hajawahi kuendesha peke yake, kwamba kilima ni kirefu, na yeye alikuwa ameshaachia breki. Nilimwona akishuka, mgongo umekakamaa, akavuka daraja, akaingia kwenye miti.

Nilikaa juu ya ukuta. Kulikuwa na ukimya wa namna ambayo masikio huanza kujitengenezea sauti. Kisha nikasikia sauti ya kweli, injini, mbali upande wa bonde. Nilijiambia ni trekta. Haikuwa trekta. Gari dogo jeupe lilitokea kando ya mto, likavuka lile daraja, likaingia kwenye miti kumfuata Nyota, na nikalisikia likibadilisha gia kuanza kupanda.

Sijui nilipandaje ile baiskeli. Nilishuka ule mteremko bila kugusa breki, kikapu kikitikisika kama sufuria tupu, na nilikuwa nikisema kwa sauti, "Hapana, hapana." Nilivuka daraja. Kwenye kilima miguu yangu ilikataa, nikasimama juu ya pedali nikakanyaga kwa uzito wote wa mwili. Niliinamisha kichwa, nikisubiri ile sauti niliyoijua. Haikuja. Injini ilikuwa ikinguruma mbele yangu, taratibu, bila kuongeza wala kupunguza. Nilipokata kona ya mwisho niliwaona. Nyota alikuwa katikati ya barabara, maana haikuwa na pembeni, akipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, mabega yakiyumba huku na huku. Nyuma yake, kwa umbali wa heshima, gari lile lilikuwa likimfuata. Lilikuwa likiendeshwa na bibi mmoja mzee, amesogeza uso karibu na kioo, na halikujaribu kumpita. Nyota alijua lipo. Niliiona shingo yake ikianza kugeuka, ikasita, ikarudi mbele. Hakugeuka. Aliendelea kukanyaga, hatua kwa hatua, hadi kilele, ambapo barabara ilipanuka kidogo kwenye lango la shamba. Hapo alisogea kando, akaweka mguu chini, akainua mkono na kumpungia yule bibi apite. Bibi alipita, akainua vidole vyake kutoka kwenye usukani, akaenda zake.

Nilipofika niliitupa baiskeli kwenye nyasi. Nyota alikuwa ameegemea lango, jasho likimtiririka, midomo imekauka, na alihangaika kufungua kofia bila kuweza. Nilimfungulia.

"Ilikuwa nyuma yangu mlima wote," alisema. "Wote, Mwende. Sikushuka."

Ndipo alipolia, ameinama juu ya usukani, na mimi nikashika kiti cha baiskeli yake nyuma, kama nilivyozoea, ili isianguke. Ng'ombe walikuja kwenye uzio kutuangalia. Alipomaliza alichuma matunda meusi, akala, akanipa, akasema Kalenga hakuwa mwongo lakini alitia chumvi kidogo, maana motokari moja ilikuwepo.

Watu hutegemea niseme kwamba tuliporudi Johannesburg Nyota alikuwa mwendesha baiskeli hodari. Haikuwa hivyo. Alinirudishia ile ndogo wiki iliyofuata, imeoshwa. Alisema amekwenda, ameona, na sasa ana saluni na mtoto wa kulea, na haoni sababu ya kugombana na teksi. Nilimbembeleza, akakataa kwa moyo mwepisi kabisa. Mimi ndiye niliyeendelea. Jumamosi ya kwanza baada ya hapo nilitoka peke yangu alfajiri, nikaenda hadi mwisho wa mji na kurudi, na sikumwambia mtu.

Kwa miaka mingi nilisimulia habari hii kama habari ya jinsi nilivyomfundisha mjane wa rafiki yangu kupanda baiskeli. Nilikuwa nikiisema hivyo hata kwenye chakula cha kuniaga, nilipoacha kazi kurudi Kenya, naye amekaa pale pale mezani, akitabasamu bila kunisahihisha. Nikimtazama mwezi uliopita amelala kwenye kochi langu mdomo wazi, niliona wazi nani alimshika nani kiti.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni jioni ile tuliyotua Johannesburg. Papa Ilunga alikuwa amemleta Grace uwanjani. Alimkimbilia mama yake, akamkumbatia kiunoni, na tulipokuwa tukisukuma mizigo kuelekea garini akamuuliza, kwa Kiswahili, ambacho hakuwahi kukitumia bila kulazimishwa, kule Ufaransa kuna nini.

Nyota alifikiri kidogo.

"Kuna mlima," alimjibu. "Nilipanda."